Tumbaku, stendi ya neva na presha ya mama mjamzito

SEHEMU YA KWANZA

Nimetoka zamu ya mchana sasa hivi, miguu imechoka, chai ya tangawizi iko pembeni. Niliahidi kwamba tukimaliza historia ya chanjo tutakuja kwenye presha. Basi tumefika. Ila nitaanzia mbali kidogo, shambani kwetu.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa tumbaku, upande wa Namtumbo. Mliokulia huko mnajua. Mvua za mwezi wa pili na wa tatu, majani yamekomaa, mnaingia shambani alfajiri na umande wake. Unachuma jani, unalibana kwapani, unachuma jingine, mpaka mzigo unajaa ndipo unaupeleka kwenye bani. Ikifika saa nne gauni limelowa chapachapa na kifua kinanata. Halafu inaanza. Mate yanajaa mdomoni, kichwa kinazunguka, tumbo linakoroga, unatapika. Moyo unakimbia. Jasho la baridi. Ukijaribu kusimama, macho yanaingia giza.

Bibi alikuwa anasema tu, "Huyu amelewa tumbaku," ananilaza chini ya mwembe na kunipa uji. Kesho yake tunarudi tena shambani. Hakuna aliyeona ajabu, maana kila nyumba ilikuwa na mtoto aliyelewa tumbaku.

Nimekuja kuelewa nilichokuwa naumwa nikiwa chuo cha uuguzi, kwenye somo la dawa, na nusura nicheke darasani. Jani bichi la tumbaku likiwa limelowa, nikotini inayeyuka kwenye yale maji na kupita kwenye ngozi moja kwa moja. Huhitaji kuvuta sigara. Unaivuta kwa kifua na mikono. Na nikotini ikiingia mwilini, inakwenda kugusa mahali pamoja muhimu sana. Mahali hapo ndipo penye historia ya leo.

Hebu fikiria unatoka Namtumbo kwenda Njombe. Huendi na gari moja. Unashuka stendi ya Songea, unapanda gari jingine, ndipo unaendelea. Neva zinazoendesha presha yako ziko hivyo hivyo. Waya unaotoka kwenye uti wa mgongo haufiki moja kwa moja kwenye mshipa wa damu. Unaishia njiani kwenye kifundo kidogo cha neva, kitaalamu kinaitwa ganglioni, na pale ujumbe unabadilisha gari. Neva ya kwanza inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, neva ya pili inaipokea na kuendelea na safari mpaka kwenye mshipa, kwenye moyo, kwenye jasho, kwenye mboni ya jicho. Neva hizi zinaitwa za simpathetiki. Ndizo zinazokufanya ushtuke, moyo uende mbio, mikono ipoe.

Na ndizo zinazokufanya uweze kusimama. Hili wengi hawalijui. Ukitoka kitandani, damu inataka kuteremka yote miguuni kama maji kwenye ndoo. Neva hizi zinaikaza mishipa ya miguu na ya tumbo ndani ya sekunde chache, damu inabaki ya kutosha kichwani. Kila unapoinuka kumnyonyesha mtoto usiku, kazi hiyo inafanyika na wewe huna habari.

Sasa nani aligundua kwamba kuna stendi pale katikati? Tumbaku ndiyo iliyoonyesha. Mwaka 1889, kule Cambridge, Uingereza, John Langley na mwenzake William Dickinson walichukua maji yenye nikotini wakayapaka kwa brashi juu ya kifundo cha neva kwenye shingo ya mnyama wa maabara. Wakiishtua neva kabla ya kile kifundo, hakuna kitu: mboni haifunguki. Wakiishtua baada ya kifundo, mboni inafunguka kama kawaida. Maana yake barabara zote mbili ni nzima, ila stendi imefungwa. Kwa njia hiyo rahisi, brashi na nikotini, Langley akaanza kuchora ramani ya mfumo mzima wa neva zinazojiendesha zenyewe. Alikaa nayo kazi hiyo miaka mingi.

Nikotini lakini ina tabia mbili. Kwanza inawaamsha wapiga debe wote pale stendi, kelele tupu, presha inapanda, moyo unakimbia. Ikiwa nyingi ndipo inaifunga stendi. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na moja aliyelala chini ya mwembe na uji wake alikuwa anafanyiwa majaribio ya Langley bila Langley.

Na sisemi tumbaku haijatusaidia. Huku kwetu ushirika wa NGOMAT ulianza mwaka 1936, jina lenyewe ni Wangoni na Wamatengo, kahawa ikitoka Umatengo na tumbaku ya moshi ikitoka Ungoni. Nyumba ngapi za bati zimesimama kwa tumbaku? Ada yangu ya chuo ililipwa na tumbaku. Nasema tu kwamba kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wasichume majani mabichi yaliyolowa, na kama hakuna jinsi, basi nguo ya mikono mirefu, mfuko wa plastiki kifuani, na kuoga kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Na yule mtoto aliyebebwa mgongoni abaki nyumbani.

Kesho Mungu akipenda tunaendelea. Nalala.

SEHEMU YA PILI

Nimerudi. Leo nina off, kwa hiyo itakuwa ndefu, wekeni maharage jikoni kabisa.

Kabla ya mwaka 1950 presha kali ilikuwa haina dawa ya maana. Naomba mlifikirie hilo vizuri, maana siku hizi mtu anapewa vidonge na anaviweka kabatini. Rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, mtu aliyekuwa na madaktari wa kila aina, alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa damu kuvujia kwenye ubongo. Siku hiyo presha yake ilipimwa 300 kwa 190. Mimi nikipata 180 kwa 110 leba naanza kukimbia. Yeye walichokuwa nacho ni kumpumzisha, kumpunguzia chumvi na kumpa dawa ya moyo.

Njia nyingine ya wakati ule ilikuwa kisu. Madaktari walijua kutokana na kazi za kina Langley kwamba neva za simpathetiki ndizo zinazokaza mishipa. Basi wakasema tuzikate. Mgonjwa anafunguliwa mgongoni, upande mmoja leo, upande wa pili baadaye, vile vifundo vinatolewa kimojakimoja. Wapo waliopona presha yao. Wapo ambao baada ya hapo hawakuweza kusimama bila kuzirai. Na wengi walikuwa wagonjwa mno kufika hata mezani.

Mtaniuliza, je, huku kwetu? Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Kisii, Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba amepima watu wapatao 1,000 na hakuona presha ikipanda na umri kama ilivyo Ulaya. Kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwake kwa miaka miwili, hakukuta wa presha hata mmoja. Kwa hiyo wale mama mnaosema "wazee wetu hawakuwa na presha," mna hoja, tena imeandikwa. Ila miaka 70 baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, walipopima watu wazima Ilala kule Dar es Salaam na vijijini Hai, Kilimanjaro, walikuta karibu watatu kwa kila kumi wana presha ya juu, na wengi wao hawajui. Mambo yamebadilika ndani ya umri wa bibi mmoja.

Turudi kwenye stendi. Mwaka 1948 huko London watafiti wawili, William Paton na mama mmoja wa Kigiriki, Eleanor Zaimis, walikuwa wanachunguza kundi la kemikali zinazofanana, tofauti yake ni urefu wa mnyororo wa kaboni katikati. Ile yenye kaboni kumi ililegeza misuli. Ile yenye kaboni sita haikulegeza misuli, ila ilifunga stendi za neva. Safi kabisa, bila zile kelele za mwanzo za nikotini. Wakaiita C6, jina kamili heksamethoniumu. Mniwie radhi kwa jina, mimi mwenyewe lilinisumbua mtihani.

Si kwamba walikuwa wanatafuta dawa ya presha. Lakini ukiifunga stendi, amri ya kukaza mishipa haifiki. Mishipa inalegea, presha inashuka. Ilikuwa ni ile operesheni ya mgongo, ila imewekwa ndani ya bomba la sindano.

Aliyeifanyia kazi kubwa ni Profesa Horace Smirk, kule Dunedin, New Zealand, kuanzia 1949 na 1950. Mimi huyu mzee nampenda, nitawaambia kwa nini. Aligundua kwamba dawa hii inashusha presha zaidi mtu akiwa amesimama. Ukimpima amelala unaweza kudhani haijafanya kazi, unaongeza dozi, anainuka na kuanguka. Kwa hiyo akasisitiza mgonjwa apimwe akiwa amesimama. Wagonjwa wakafundishwa kujidunga wenyewe nyumbani mara kadhaa kwa siku, na kulala wameinua upande wa kichwani wa kitanda. Watu ambao presha ilikuwa imeshafika machoni na kwenye figo, ambao wengi wao wasingemaliza mwaka, wakaanza kuishi miaka. Macho yaliyokuwa na ukungu yakasafika. Kwa mara ya kwanza ikaonekana kwamba presha ukiishusha, mtu anapona madhara yake. Vidonge vyote mnavyovijua leo vimefuata baada ya uthibitisho huo.

Sasa ubaya wake. Stendi ile si ya presha peke yake. Magari ya utumbo yanapita pale, ya kibofu, ya mate, ya macho, ya nguvu za kiume. Ukifunga, umefunga yote. Mgonjwa anakauka mdomo, haoni maandishi ya karibu, choo kinafunga siku nyingi, mkojo hautoki, ndoa inapata shida. Paton mwenyewe mwaka 1954 aliandika kwa utani kidogo namna mtu anayetumia dawa hii alivyo: mkono wake wa joto na mkavu, mtulivu, haoni haya usoni, ila ukimwacha kwenye foleni muda mrefu anapauka na kuanguka.

Ni utani mpaka hapo.

Kifafa cha mimba kilikuwa kinaua kina mama kule kama kinavyoua huku. Madaktari wameona dawa mpya inayoshusha presha, mama yuko mbele yao ana 200 na kitu, ungefanya nini? Wakawapa. Presha ikashuka. Watoto wakazaliwa. Na baadhi ya wale watoto siku ya kwanza hawakupata choo, ile nyeusi ya kwanza tunayowaambia muiangalie. Siku ya pili tumbo limejaa kama ngoma, wanatapika, ukiweka sikio juu ya tumbo kimya. Utumbo umelala. Dawa ilipita kondo la nyuma ikaenda kufunga stendi za mtoto, na utumbo wa mtoto mchanga umejaa stendi hizo. Wengine walikufa. Iliandikwa kwenye majarida ya tiba mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisomi, mistari michache.

Mimi nikiisoma hiyo mistari namuona yule nesi. Lazima kulikuwa na nesi. Amemfunua mtoto usiku, amegonga tumbo kwa vidole, hajui ni nini, kwa sababu hakuna aliyejua. Halafu anarudi kwa mama, ambaye presha yake ni nzuri kabisa.

Acha nipakue maharage. Sehemu ya mwisho jioni.

SEHEMU YA TATU

Tunamalizia. Leo nataka tuingie thieta.

Mliojifungua kwa operesheni mnakumbuka ile sindano ya mgongo. Umekaa umejikunja, nesi amekushika mabega, mnaambiwa usitikisike. Baada ya dakika chache miguu mizito. Halafu baadhi yenu mkasema, "Nesi, nasikia kichefuchefu," au "Nahisi naondoka." Sisi tukaanza kukimbia, dripu ikafunguliwa wazi, mkainamishwa kidogo upande wa kushoto, sindano ikaingia kwenye mpira wa dripu, mkarudi. Mnadhani ulikuwa woga. Haukuwa woga.

Ganzi ile haichagui. Inazima neva za maumivu na za miguu, lakini inazima pia zile za simpathetiki zinapotoka kwenye uti wa mgongo, yaani kabla hazijafika stendi. Gari la kwanza halijaondoka hata. Mishipa ya miguu inalegea, damu inabaki chini, na tumbo la mimba limeukalia mshipa mkubwa unaorudisha damu. Presha inadondoka. Ile sindano ya haraka mara nyingi ni efedrini, inafanya kazi ambayo neva zako zilikuwa zifanye. Ndiyo maana tunakulaza kushoto, ndiyo maana mkono hautoki kwenye mashine ya presha. Ganzi hii ilianza na August Bier, Ujerumani, mwaka 1898. Mwaka huo huo Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Peramiho hapa. Hayahusiani, nimependa tu.

Kwa hiyo stendi ile bado tunaishi nayo kila siku, ila tumejifunza kuigusa kwa dakika chache, mama akiwa mikononi mwetu. Zile dawa za kuifunga kutwa nzima zimetoka kwenye matumizi ya kawaida. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuja za kukojosha, zikaja nyingine, na mwaka 1960 ikatangazwa methildopa, ile ambayo wengi wenu kliniki mnaiita Aldomet. Yenyewe haifungi stendi. Inakwenda juu kabisa, kwenye ubongo, inapunguza idadi ya magari yanayotumwa. Utumbo wa mtoto unabaki na kazi yake.

Na safari hii hawakubahatisha. Oxford, Uingereza, mwaka 1976 walichapisha majibu ya kina mama wajawazito waliopewa methildopa, wakilinganishwa na ambao hawakupewa. Halafu wakafanya jambo ambalo mimi naona ndilo kubwa: waliwafuata wale watoto. Mwaka 1982 wakatoa majibu ya watoto wakiwa na miaka saba na nusu, wamepimwa kukua, macho, masikio, akili. Wako sawa na wenzao. Ndiyo maana dawa hii ya zamani, ambayo mtu wa duka la dawa anaweza kukuambia imepitwa na wakati, bado ipo kwenye kabati letu.

Sasa niseme kilichonifanya niandike yote haya. Miezi kadhaa iliyopita alikuja mama mmoja, mimba ya pili, wiki 30. Alikuwa ameanzishiwa methildopa. Aliitumia siku chache akaiacha kwa sababu inampa usingizi mchana, na kweli inalegeza, hasa mwanzoni. Mama mkwe wake anaishi naye, mwanamke mwema, ana presha miaka mingi na dawa yake inamkubali. Akamwambia, "Mwanangu, chukua hii yangu, mimi hainilewi." Ilikuwa losatani. Kwa mama mkwe ni dawa nzuri. Presha ya mkwe ikashuka vizuri, wote wakafurahi.

Utrasaundi ikaonyesha maji ya uzazi yamepungua sana. Losatani na ndugu zake, enalaprili, kaptoprili, lisinoprili, zinapita kwa mtoto na kubana figo zake. Mtoto tumboni maji yake mengi ni mkojo wake, figo zikilala maji yanakwisha. Unaona historia ilivyojirudia? Dozi ya mama sawa, namba kwenye mashine nzuri, na aliyeumia ni yule ambaye mashine haimpimi.

Tulimlaza, dawa ikaachwa siku hiyo hiyo, akarudishwa kwenye yake na nyingine ikaongezwa. Maji yakapanda kidogo kidogo. Alijifungua wiki ya 36, mtoto wa kike, kilo 2.1, nikakaa naye mpaka alipokojoa. Sijawahi kufurahia nepi iliyolowa namna ile. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi nje analia, anasema ameua mjukuu. Nikamwambia, "Mama, hujaua mtu. Njoo umuone, amekukojolea."

Kwa hiyo dawa ikikulewesha, rudi useme inakulewesha. Kuna nyingine za wajawazito, kuna namna ya kupanga dozi. Na kama ulikuwa unatumia dawa ya presha kabla ya kushika mimba, njoo na pakiti yenyewe siku ya kwanza kabisa ya kliniki, usingoje tumbo lionekane, na usiiache tu bila kutuambia. Kichwa kuuma sana, macho kuona nyota, maumivu chini ya chembe ya moyo, uso kuvimba ghafla: hapo usinisome mimi, panda bodaboda uje.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani Namtumbo na mashine yangu ya presha. Bibi bado yupo, na kikopo chake cha ugoro bado kipo kwenye pindo la khanga. Anatumia dawa za presha mwaka wa nne. Nilimpima amekaa: 158 kwa 88. Nikamwambia simama bibi, nikamshika mkono, nikapima tena: 132 kwa 76. Akashika ukuta kidogo. Nikamwambia asubuhi kaa kwanza kando ya kitanda, hesabu mpaka ishirini, ndiyo uinuke. Akauliza nani kanifundisha kupima mtu amesimama, manesi wengine humpima amekaa. Nikamwambia mzee mmoja wa New Zealand, marehemu. Nikamweleza pia habari ya nikotini na stendi, na jinsi ule ugoro unavyopandisha tunachokishusha kwa vidonge.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, kumbe ulipokuwa unalewa tumbaku nilikuwa nakusomesha." Akafungua kikopo.